Mgeni wa Shangazi Juu ya Paa

Katika mtaa mzima Shangazi hakuwa na mpwa hata mmoja wa damu, lakini hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata paka wa saluni, akisikia sauti yake, alishuka ukutani na kukaa sawasawa kama mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalifanya.

Maisha yake ya kazi aliyamaliza katika nyumba ya wageni karibu na kituo cha reli. Aliingia akiwa mtandika vitanda, akatoka akiwa mkuu wa vyumba. Huko ndiko alikojifunza kwamba mgeni hanyeshewi, hasubirishwi, na haondoki na kinyongo. Mgeni akisahau soksi, Shangazi alimkimbilia nazo mpaka kwenye behewa. Kuna mmoja aliyeziacha makusudi kwa kuwa zilikuwa zimetoboka. Alirushiwa dirishani zikiwa zimefuliwa, zimepigwa pasi na kutiwa viraka, na inasemekana alisafiri njia nzima akiwa ameinamisha kichwa.

Alipostaafu alirudi katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, nyumba ya ghorofa moja yenye paa la zege. Kwa mara ya kwanza maishani akakosa wa kumtandikia. Ukimya wa nyumba kubwa yenye mtu mmoja una uzito wake. Mtu huubeba bila kujua, kama mwenye kokoto kiatuni anavyojikuta anachechemea na kulaumu barabara. Shangazi aliubeba kwa kugombana na Fundi Kesho.

Huyu alikuwa seremala mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Jina la Kesho alipewa na wateja, kwa sababu hapakuwa na kazi duniani ambayo hakuiahidi siku hiyo. Shangazi alikuwa na kabati lake chumbani, zuri kwa sura, ila mlango mmoja haukufunga tangu siku lilipoletwa. Kila asubuhi alisimama dirishani, akamwagia mimea yake maji, kisha akamwagia Fundi maneno.

"Kesho, mlango wangu?"

"Shangazi, shikamoo. Nakuja kesho."

"Marahaba. Nitakufa kabla hujafika."

"Basi na jeneza nitalileta kesho. Itabidi utusubiri."

Shangazi alifunga dirisha akiwa ameridhika kabisa, kama mtu aliyekunywa chai.

Ndipo akaja Mgeni.

Alipandishwa ngazi na vijana wa mizigo, akisimamiwa na binti mwembamba mwenye miwani ambaye mtaa ulimwita Binti wa Hewa. Lilikuwa sanduku la chuma jeupe, kimo cha mtoto wa chekechea, lenye mrija uliopinda juu kama shingo ya bata. Wakubwa wa mji walikuwa wametafuta paa la zege lililo katikati ya mtaa, na paa lilikuwa la Shangazi.

"Linapima hewa," Binti alimweleza. "Lakini si hewa yote. Kuna ukoo mmoja wa vitu visivyoonekana, unaitwa aldehidi. Wanatoka kwenye moshi wa magari, kwenye gundi ya plaiwudi, kwenye dawa za kunyoosha nywele, hata kwenye mafuta yanayoungua. Wakizidi, macho yanawasha na koo linakereketa, na mtu akiishi nao muda mrefu wanamdhuru."

"Ukoo mbaya," alisema Shangazi. "Na wanaoana na watu?"

"Hapana, Shangazi. Sanduku linavuta hewa lenyewe, linapima lenyewe, linatuma majibu lenyewe mpaka ofisini na kwenye ule ubao wa taa tuliouweka njia panda. Kijani, hewa nzuri. Manjano, tuangalie. Nyekundu, kuna shida. Mimi nitakuja mara chache tu kubadilisha vichujio."

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Usifanye kitu chochote. Hata kuligusa, usiliguse."

Hakuna kazi ngumu kama hiyo aliyowahi kupewa Shangazi.

"Mvua ikinyesha je?"

"Limetengenezwa kunyeshewa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, lakini hakuamini. Katika maisha yake hakuwahi kuona kiumbe aliyetengenezwa kunyeshewa, isipokuwa chura, na hata chura alimhurumia.

Siku za mwanzo zilikuwa za kijani. Mtaa ulijivuna, watu wa mitaa mingine walipita njia panda wakiutazama ubao kwa wivu. Shangazi alipanda paani kila asubuhi kumsalimu Mgeni. Hakuitikia, lakini wageni wengi wenye fedha nao hawakuwa wakiitikia. Mara kwa mara sanduku lilivuta pumzi ndefu, likanyamaza, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu, na Shangazi alipenda sana kuwa karibu na mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Aliliwekea zulia dogo la mlangoni, ingawa halikuwa na miguu.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Alisimama juu ya paa akilishikia mwavuli mpaka mkono ukafa ganzi, na alipoteremka alikwenda moja kwa moja ng'ambo ya barabara.

"Kesho, nataka nyumba."

"Unayo, Shangazi. Naiona kutoka hapa."

"Ya Mgeni. Ndogo. Yenye mlango na dirisha."

Mkosi wa mambo ni kwamba Fundi Kesho alikuwa na mbao za plaiwudi tele, za mteja aliyehama bila kuaga, na alikuwa amechoka kuziruka kila akienda chooni. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana ile, kazi ilianza siku ileile. Mbao zilipandishwa vipandevipande, zikaunganishwa kulekule juu kwa skrubu na gundi nyingi, zikapigwa vanishi mara mbili. Shangazi akatundika pazia la maua. Binti alisema lisiguswe, naye hakuligusa. Alilijengea tu, na kujenga si kugusa.

Mgeni akatoweka ndani ya nyumba yake, shingo na yote.

Jua lilipotoka, ubao wa njia panda ukawaka manjano. Siku iliyofuata ukawaka nyekundu.

Shangazi alilichukulia jambo hilo kama mkuu wa vyumba aliyeambiwa kuna kunguni. Ni wazi kwamba hewa mbaya ya nje ilikuwa inapenya. Akaziba nyufa kwa sponji za godoro kuukuu. Nyekundu ikabaki palepale. Akaongeza ukuta wa pili wa plaiwudi juu ya ule wa kwanza. Akabandika kapeti chini kwa gundi. Akapaka vanishi tena, kwa nia njema. Kadiri alivyomkinga Mgeni ndivyo ubao ulivyozidi kuiva, mpaka watu wa njia panda wakaanza kusema kwamba hata ukizima umeme utawaka.

Basi akageukia wanadamu. Mwenye saluni aliamriwa kufunga madirisha, na wateja wake wakatoka na nywele zilizonyooka na nyuso zilizochemka. Muuza chipsi alihamishwa mpaka kona ya mbali, akawa anakaanga huku akitazama nyuma kama mhamiaji. Vijana wa pikipiki waliambiwa wazime injini wakifika ukuta wa Shangazi na kusukuma mpaka wapite. Ilikuwa ajabu kuona abiria amekaa kitako, mkoba mapajani, akisukumwa kama mgonjwa, naye anaangalia mbele kwa heshima zake zote asije akacheka.

Nyekundu.

"Kesho," aliita Shangazi dirishani, "gundi yako inaniulia Mgeni."

Fundi alitoa penseli sikioni. "Gundi yangu ina umri kuliko mgeni wako. Siku za kijani si ilikuwepo?"

"Siku hizo ilikuwa inajizuia."

"Gundi inajizuia?"

"Hata wewe ulipohamia hapa ulikuwa na adabu."

Fundi alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Shangazi angeweza kuvumilia tusi. Kicheko kilimfika mahali pabaya. Alichukua simu akampigia bwana afya, akamwambia chanzo cha maradhi yote ya hewa anakijua, kina masharubu na hakijawahi kumaliza kazi.

Bwana afya alikuwa mtu mnene mpole ambaye alipenda sana utepe wake wa kufungia mahali, ule wa manjano wenye maandishi meusi. Alikuja, akanusa karakana, akapiga chafya, akatoa uamuzi. Ubao ulikuwa mwekundu mno kwa muda mrefu mno, na mashine ilionesha chanzo kiko karibu nayo kabisa. Alhamisi atarudi na Binti wa Hewa, ahakikishe, aifunge karakana. Fundi atahamia nyuma ya viwanda, mwisho wa mji, ambako basi hugeuzia.

Shangazi alisubiri Fundi aje kugomba. Alijiandaa vizuri, alikuwa na maneno ya kumtosha mpaka mwezi uishe. Hakuja Jumatatu. Jumanne alimwona akikusanya randa na misumeno yake katika magunia, polepole, kama anayekunja nguo za marehemu.

Jumatano alibisha hodi, na bisibisi mkononi.

"Nimekuja kufunga ule mlango wa kabati," alisema.

"Leo?"

"Leo, Shangazi."

Aliingia, akavua viatu, akafungua bawaba, akairudisha mahali pake, akakaza. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kuchemsha maji. Alisukuma mlango kwa kidole kimoja nao ukafunga, kwa sauti laini, kama mtu anayesema haya, basi. Akaaga, akatoka.

Shangazi alibaki mbele ya kabati. Alilifungua, akalifunga. Alilifungua, akalifunga. Miaka yote hiyo alikuwa amelala akitazama ufa wa giza kwenye kabati lile, na sasa palikuwa na mbao tu, zimenyooka, hazina la kusema. Ikiwa Kesho amefika leo, basi kweli anaondoka. Usingizi ulimpata kwa shida.

Alhamisi asubuhi alifungua dirisha, akamwagia mimea maji, na kwa mazoea akafungua mdomo. Hapakuwa na la kudai. Akaufunga.

Alipanda paani kumweleza Mgeni. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo alijikunja akaingia ndani ya nyumba ndogo, akaketi juu ya kapeti, akavuta mlango. "Mgeni wangu," alianza, na machozi yakamtoka. Yalitoka mengi, yakafuatwa na kamasi na kikohozi. Shangazi alijishangaa. Hakulia hivyo hata kwenye mazishi ya mumewe, na mumewe alikuwa mtu mzuri. Kumbe ndivyo ninavyomjali yule mzee wa watu, aliwaza, akatoka nje ili asife kwa huzuni.

Nje, huzuni ikakauka papo hapo.

Akangoja. Hakuna kitu. Akaingia tena, akafunga mlango: machozi. Akatoka: makavu. Akaingiza kichwa tu, makalio yakabaki nje juani, na kichwa kikalia peke yake. Huzuni gani hii inayoishia mlangoni?

Aliketi juu ya zege. Maneno ya Binti yakamrudia moja moja, kama wageni wanaorudi kudai soksi. Gundi ya plaiwudi. Macho yanawasha. Koo linakereketa. Ukoo ule mbaya haukuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameujengea nyumba mwenyewe, akautundikia pazia, akamfungia Mgeni pamoja nao, halafu akawasukumisha vijana pikipiki.

Mwisho wa mtaa gari la bwana afya lilikuwa linakata kona.

"Kesho!" Hii ilikuwa sauti ambayo paka wa saluni hakuwahi kuisikia, akaanguka ukutani. "Njoo na kamba. Usiulize."

Fundi alifika juu akihema. "Kuna nini?"

"Nimesema usiulize. Tuitoe hii nyumba hapa."

Waling'oa kapeti wakalitupa uani, wakaiinua nyumba kutoka juu ya Mgeni, ikasuguana na shingo ya bata ikatoka. Waliisukuma mpaka mlango wa ngazi. Haikupita. Ilijengwa juu, na kilichojengwa juu hakikuwaza kuteremka.

"Ibomoe," alisema Shangazi.

Fundi alijaribu nyundo, akajaribu mkono, akajaribu teke. Alisimama akaitazama kwa uchungu. "Kazi zangu zote maishani zimelegea," alisema, "na hii moja nikaikaza."

Ikabaki kamba. Waliifunga kama mzigo wa harusi, wakaipitisha ukingoni, wakaanza kuishusha upande wa barabara. Ilikwenda vizuri mpaka ilipofika usawa wa dirisha la chumbani. Hapo fundo lilinasa kwenye bomba la maji ya mvua, nyumba ikaanza kuzunguka taratibu hewani, mlango ukafunguka, pazia la maua likapepea.

Chini yake walikuwa wamesimama bwana afya na Binti wa Hewa, vichwa juu.

"Shangazi, shikamoo," alisema bwana afya.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema. Hicho nini?"

"Kipi?"

"Hicho kinachoning'inia."

Shangazi alikitazama kana kwamba ndio kwanza anakiona. "Aa. Hiyo ni nyumba."

"Ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani anayelala humo?"

Binti wa Hewa alikuwa ameshafahamu. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, mabega yakimtikisika. Mtaa mzima ulikuwa umetoka nje: mwenye saluni na chanuo mkononi, muuza chipsi na kijiko chake chenye matundu, vijana wa pikipiki na abiria wao waliokaa kitako. Na wakati wote wanatazama juu, kule njia panda mtu akapiga mluzi. Ubao ulikuwa umegeuka manjano. Watu wakageuka kuutazama, na walipokuwa wakiutazama ukageuka kijani, mbele ya macho yao, bila haya hata kidogo. Mashine haina siri. Inajipimia yenyewe na kumsema mwenyeji wake yenyewe.

Bwana afya alitazama ubao, akatazama nyumba inayozunguka, hesabu ikaingia kichwani polepole. "Nani aliijenga?"

"Mimi," alijibu Fundi kutoka juu, akiwa bado ameshikilia kamba kwa mikono miwili.

"Kumbe chanzo ni yeye yule yule." Bwana afya akaushika utepe wake.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Shangazi angebaki na mgeni wake, na heshima yake, na kabati linalofunga. Alishika ukingo wa paa.

"Niliagiza mimi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kona ya chipsi. "Nikaambiwa nisiguse, nikajenga. Sponji ni zangu, kapeti langu, vanishi ya pili yangu. Na aliyekupigia simu kumchongea huyu ni mimi."

Fundi alimtazama, kamba ikateleza kidogo, nyumba ikashuka kwa kishindo, ikasimama juu kidogo ya kofia ya bwana afya.

"Kwa hiyo madirisha yangu?" aliuliza mwenye saluni.

"Fungua."

"Na sisi tuliokuwa tunasukuma?" alisema kijana wa pikipiki.

"Mazoezi yale. Mmekuwa na miguu mizuri."

Mtaa ulicheka mpaka abiria mmoja akateleza kwenye kiti. Binti alipanda juu, akakagua sanduku, akasema majibu yote ya siku za nyumba yatafutwa, na kwamba gundi ya Fundi inaonekana kwenye hewa kidogo tu, kwa hiyo afungue dirisha la nyuma na afunike makopo yake. Karakana ibaki. Sanduku nalo libaki. "Lakini Shangazi," alisema, "kazi yako unaikumbuka?"

"Nisifanye kitu."

"Utaweza?"

"Nitajaribu, mwanangu. Umri wenyewe umekwenda."

Bwana afya peke yake hakuridhika. Alikuja kufunga mahali, na hakuwa mtu wa kurudi na utepe mzima. Kwa hiyo aliizungushia nyumba ndogo utepe wake wa manjano, akaifunga kwa amri, akapiga saluti, akaondoka. Hadi leo imesimama uani mwa karakana, inapunga upepo, na paka wa saluni hulala juu ya paa lake, ndani haingii.

Wiki hiyo mvua ilinyesha. Shangazi alitoka na mwavuli mbiombio mpaka mlango wa paa, akasimama kizingitini. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya sanduku na kuteleza kwenye shingo ya bata, nalo likavuta pumzi yake ndefu, likanyamaza, likafikiri, likatuma jibu lake. Shangazi aliukunja mwavuli.

"Mgeni siku mbili," aliliambia mwishowe, "siku ya tatu mpe jembe. Endelea kulima."

Akateremka chumbani. Kabati lilikuwa limefunga, limenyooka, limekaa kimya kama pango. Akafungua droo, akatoa kisu cha kupakia siagi, akaingiza ncha kwenye skrubu ya bawaba, akaizungusha taratibu, moja, kisha nyingine, mpaka mlango ukalegea na ufa ule wa giza ukarudi mahali pake.

Asubuhi alifungua dirisha, akamwagia mimea maji.

"Kesho, mlango wangu umeharibika tena. Kazi gani hii?"

Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye randa, vumbi la mbao kwenye masharubu. Alimtazama, kisha akatazama bisibisi yake ikiwa imelala kwenye meza ya kazi, palepale alipoiacha.

"Shangazi, shikamoo," alisema. "Nakuja kesho."